Masaa Manne Yaliyofichwa

Jumatatu asubuhi ubao ulikuwa umefutwa. Kumi na moja iliyokaa pale tangu masika haikuwepo tena, na mahali pake mtu ameandika saba kwa chaki mpya, kubwa, utadhani karakana nzima imejaa vipofu. Maneno ya juu yalikuwa yaleyale: BATI LA JUU LA BAWA, MASAA.

Hilda Entwistle aliisoma akiwa bado na koti mwilini. Akaisoma tena. Haikuwa nane, wala tisa. Mtu anayebahatisha husema nane au tisa. Aliyeandika saba alikuwa ameambiwa.

Kikundi chao kilikuwa cha wanawake wanane, wawili wawili, na kazi yao ilikuwa kushona kwa ribiti, vile vijisumari vya kuunganishia mabati, bati la juu la bawa la ndege ya mabomu. Mmoja nje na mashine ya kugongea, mwenzake ndani ya bawa ameshikilia kipande cha chuma nyuma ya ribiti. Ribiti elfu mbili na ushee. Ofisi iliamini bati moja linakula masaa kumi na moja. Kikundi kilijua ni saba, na kilikuwa kimekula kiapo kwamba neno hilo halitatoka.

Hawakuwa wavivu, na anayewaita wavivu hajawahi kushika ile mashine. Wakati wa masika Doris Haworth, msichana mwenye mikono myepesi, alimwonyesha mpima muda kwamba kazi ya masaa kumi na manne yeye anaweza kuifanya kwa kumi na moja. Alitaka asifiwe, na akasifiwa. Wiki iliyofuata kumi na moja ikawa sheria ya kila mtu, na mwezi wa sita, katika kukimbizana na sheria hiyo, keekee ya umeme ikampita Doris katikati ya kiganja. Tangu hapo waliobaki walizidi kuizoea kazi, wakawa wepesi, na wepesi wao wakaufunika kama mtu anavyofunika chungu jikoni.

Yale masaa manne yalikuwa yao. Humo ndimo walimong'oa ribiti mbovu na kupiga nyingine. Humo ndimo kila mmoja kwa zamu alimochomoka kwa mlango wa makaa kwenda kusimama foleni ya nyama kwa niaba ya wote. Hilda zamu yake aliitumia kukimbia nyumbani, mtaa wa pili, kumtazama mama mkwe wake aliyewahi kuangukia jiko la makaa na kulala hapo na bega lililoungua hadi jioni. Masaa manne yakiondoka, kikongwe yule angeshinda peke yake na moto.

Mitambo ilianza kunguruma. Sauti ya mtu haikusikika tena hata ukimpigia kelele sikioni, lakini hilo halikuwasumbua. Karakana ile ilikuwa kiwanda cha kufuma pamba kabla ya vita, na wanawake karibu wote walikuwa wafumaji waliokulia katika kelele. Mfumaji wa Clegbrook, mji huu wa kaskazini mwa Uingereza, husema kwa midomo mitupu, bila sauti, akiifinyanga kila silabi, na mwenzake aliye umbali wa hatua thelathini anampata neno kwa neno. Wanasengenya, wanatukana, wanapanga harusi, na mameneja wanapita katikati yao wakidhani wanatafuna.

Ng'ambo ya bawa Clarice, wifi yake, dada wa mumewe Stanley kwa baba tu, alikuwa amemkazia macho.

“Nani kasema saba?” Clarice alitamka.

“Unaniuliza mimi?”

“Nimuulize nani, wifi? Kidole analala nyumbani kwa nani?”

Vichwa vitano vikageuka pamoja.

*

Kidole lilikuwa jina walilompa Bwana Ashby, mpima muda, kwa sababu ya kidole gumba chake kisichobanduka kwenye saa ya kubonyeza. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, masikio makubwa, tai safi, na Kiingereza cha watu wa kusini kilichopigwa pasi. Afisa wa makazi ndiye aliyemleta kwa Hilda mwezi wa tisa, na karatasi mkononi. Una chumba cha mbele, mume wako yuko Misri, basi huyu hapa. Hakuulizwa kama anataka. Kila mtu mtaani alijua hakuulizwa, lakini sasa kujua huko kulikuwa kumesahaulika ghafla.

Saa nne ndiyo ilikuwa saa ya chai. Kikundi kilikuwa na desturi yake: vikombe vinane vimetundikwa misumarini, mmoja wao anavipanga kwenye kipande cha ubao na kwenda kuvijaza kwa wote. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Clarice. Ubao ulirudi na vikombe saba. Kikombe cha Hilda, cheupe chenye ukingo wa buluu, kilikuwa bado kinaning'inia ukutani.

Hakuna aliyesema kitu. Ndivyo wanavyofanya watu wa kule wakikukataa. Hawakupigi wala hawakufokei. Wanaacha kukusemesha, wote kwa pamoja, kuanzia dakika moja, na wanaweza kukaa hivyo mwaka mzima. Hilda mwenyewe aliwahi kumfanyia hivyo mfumaji mmoja aliyesaliti mgomo, mwaka wa thelathini na mbili, na wala hakumwonea huruma.

Mtu pekee ambaye hakuelewa kilichokuwa kinatendeka alikuwa Irene Maddox. Irene ndiye aliyekuwa mwenzake Hilda, yule wa ndani ya bawa. Alikuwa mtengeneza nywele wa Salford, kifua chake kibovu, mdomo wake mwekundu hata siku za kazi, na lugha ya midomo hakuijua hata herufi. Yeye na Hilda walisemezana kwa kugonga: akigonga bati mara moja, ribiti imekaa, mara mbili, rudia.

Irene alikitazama kile kikombe ukutani, akainuka, akakishusha, akaenda kukijaza mwenyewe.

“Wamekusahau, shoga,” alisema, akikiweka mbele ya Hilda. “Nao wanaita kikundi.”

Hilda akanywa. Alikiinamia kikombe kwa aibu, kwa sababu wote walikuwa wanatazama ni nani anayempa.

*

Nyumbani alianza kumchunguza mpangaji wake kama polisi. Asubuhi kabla hajafunga mlango alipita chumba cha mbele akakagua. Daftari lilikuwa limefungiwa sandukuni. Ukuta kati ya chumba kile na jikoni ulikuwa wa matofali mawili, na yeye aliugonga kuhakikisha. Kama mtu yule alikuwa anasikiliza, angesikia nini? Hilda hakuwahi kumtamkia habari za kazi. Wala hakuzizungumza kwa sauti na mtu yeyote chini ya paa lile, hata na mama mkwe. Juu ya hilo angeweza kushika Biblia.

Alimwambia hivyo Clarice siku ya Jumanne, mlangoni kwa mwenye duka la mboga, mahali ambapo mtu analazimika kusikia.

“Naapa kwa Stanley. Sijamwambia yule mtu hata neno.”

Clarice alikuwa anachagua karoti. “Mwenye duka,” alisema, “kuna upepo unavuma hapa mlangoni kwako. Ufunge.”

Na mwenye duka, ambaye mkewe alikuwa karakana ileile, akaufunga, Hilda akiwa nje na kikapu chake.

Jumatano jioni alipika utumbo na vitunguu kwenye maziwa. Walikaa mezani watatu kama kawaida: Hilda upande wa jiko, mama mkwe mkabala naye, Bwana Ashby kati yao na gazeti lake. Mama mkwe, Sarah Ann Entwistle, alikuwa amefuma miaka arobaini na moja katika jengo lilelile ambalo sasa linatoa mabawa, na mitambo ilikuwa imemla masikio yote mawili. Ukitaka kusema naye ulimtazama usoni ukasema kwa midomo. Sauti ya nini?

“Bado wamekununia?” kikongwe alitamka.

“Bado.”

“Huyu je? Umemuuliza?”

Hilda akamgeukia mpangaji. “Bwana Ashby, ile saba pale ubaoni umeitoa wapi?”

Ashby alikunja gazeti taratibu. Alijimiminia siki juu ya utumbo, nyingi, na kutia pilipili manga, bila kukunja uso. Watu wa kusini waliowahi kupita pale walikuwa wakiusogeza utumbo pembeni ya sahani na kuuliza kama kuna mkate. Hilda aliliona hilo, na akili yake ikapita juu yake tu.

“Mambo ya kazi siyaleti mezani, Bi Entwistle,” alisema Ashby. “Nadhani hata wewe huyaleti.”

“Siyaleti.”

“Basi tule.”

*

Alhamisi upepo ukageuka. Mke wa mwenye duka la mboga alimwona Irene Maddox akiwashiwa sigara na Kidole kwenye kituo cha basi. Wamesimama karibu. Wanacheka. Kufika saa nne, kituo cha basi kilikuwa kimeshakuwa benchi la bustani, na sigara moja imekuwa pakiti.

“Si mtu wa hapa,” Clarice alitamka, mashine zikinguruma.

“Soksi zile za hariri kapata wapi?” aliuliza mwingine.

“Hata kusema hajui. Tangu aje hapa anatutolea macho midomoni tu.”

Irene alikuwa ndani ya bawa, amejikunja gizani na chuma chake, akigonga: moja, moja, mbili, moja. Maneno yalikuwa yanapita juu ya kichwa chake.

Halafu Clarice akamtazama Hilda, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alimtazama kama ndugu. “Wifi. Wewe unafanya naye kazi. Hajawahi kukuuliza habari za masaa?”

Ukweli ni kwamba Irene aliuliza. Siku yake ya kwanza aliuliza, kama anavyouliza mgeni yeyote, kazi hii huchukua muda gani, ili ajue basi lake la jioni. Hilda alijua maana ya swali lile. Lakini siku nne zilikuwa zimempita bila mtu yeyote isipokuwa Irene kumwambia hata habari za asubuhi, na pale mbele yake kulikuwa na nyuso sita zimefunguka kama mlango.

“Aliwahi kuniuliza,” alitamka.

Basi ikawa imekwisha. Saa ya chai ubao ulirudi na vikombe saba, na safari hii cha ukingo wa buluu kilikuwamo. Clarice akamwekea sukari ya mgao wake mwenyewe, kijiko kizima. Irene alisimama mbele ya ukuta akikitazama kikombe chake kinachoning'inia, akasema, “Leo wamenisahau mimi,” na akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Hilda alikuwa anakoroga chai.

Ijumaa Clarice alimwendea nyapara, Bwana Ogden, kwa niaba ya kikundi. Alimwambia Maddox anachelewesha kazi, chuma hakishiki sawasawa. Ogden hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Alisema Jumatatu mchana Maddox atahamia chumba cha rangi.

Chumba cha rangi kilikuwa na mvuke uliowatoa watu wazima nje wakitapika, na Irene alikuwa na kifua. Hilda alijua, maana ndiye aliyemsikia akikohoa ndani ya lile bati siku nzima. Alijiambia labda ni yeye kweli. Sigara ile je? Na vicheko? Akajiambia hivyo Ijumaa yote na Jumamosi yote, na kila akirudia, Irene alizidi kufanana na kidudu mtu.

*

Jumapili mchana kulikuwa na pai ya viazi. Mvua ilikuwa inapiga dirishani. Ashby alikuwa ameketi mahali pake, kidole gumba kimejaa wino, anapuliza chai. Mama mkwe aliyekuwa na siku njema alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Hilda na kutamka kwa midomo yake isiyo na meno:

“Masikio ya huyu wangeyafunga kwenye ndege moja kwa moja. Tungeokoa bati.”

Ashby alitokwa na chai puani.

Alijifuta haraka kwa leso, akakohoa, akasema imempalia. Lakini shingo yake ilikuwa nyekundu hadi kwenye yale masikio, na kona ya mdomo wake bado ilikuwa inacheza. Hilda aliacha uma hewani. Hakukuwa na sauti chumbani isipokuwa mvua. Hakuna aliyesema kitu ambacho mtu angeweza kukicheka.

Akamgeukia usoni. Bila sauti, kwa midomo tu, akatamka: “Mama yako alikuwa nani?”

Mtu yule alitazama sahani yake. Kisha akajibu, na kile Kiingereza chake kilichopigwa pasi kilikuwa kimepata mikunjo. “Mfumaji. Burnley, mji wa jirani. Alisimamia mitambo sita.”

“Anasema nini?” kikongwe alitamka.

Ashby akamgeukia yeye na kumjibu kwa midomo, vizuri kabisa, kama aliyezaliwa na lugha hiyo. “Nasema mama yangu alikuwa mfumaji, mama. Nilijua kusoma midomo kabla sijajua kusoma gazeti.”

Sarah Ann aliweka kijiko chini. “Kwa hiyo miezi mitatu hii ulikuwa unanisikia.”

“Ndiyo.”

“Hata lile nililosema juu yako na choo?”

“Hata lile.”

Kikongwe akafikiri. “Sawa. Lilikuwa kweli,” alitamka, akairudia pai yake.

Hilda hakucheka. Alikuwa anaona akilini lile dirisha la kioo la ofisi, juu ya karakana, na mtu huyu nyuma yake akitazama chini, siku nzima, nyuso nane. Lakini dirisha lile halikutosha. Pale karakanani hawakuitaja ile namba hata kwa midomo, walikuwa wamekatazana.

“Saba uliipata wapi?” aliuliza.

“Unajua.”

“Nataka uniambie.”

“Hapa,” alisema Ashby. “Jumatano ya wiki ya juzi. Kulikuwa na utumbo pia. Mama alikuuliza mbona umewahi kuja kumtazama mchana, ukamwambia bati limekwisha kwa masaa saba, mmelifunika turubai na mmebakiwa na manne ya kuchezea. Nilikuwa nimeshika gazeti. Hukushusha hata uso.”

Alikumbuka. Alikumbuka hata kwamba alijisikia mwerevu, kumwaga siri yote mbele ya pua yake, naye anasoma habari za Misri. Neno hakulitamka kwa sauti, na alikuwa ameapa kwa mumewe juu ya hilo.

“Kuna msichana anapelekwa chumba cha rangi kesho,” alisema. “Wanadhani ni yeye. Nenda kwa Ogden umwambie si yeye.”

“Alinisimamisha kuniomba kiberiti. Sijawahi hata kujua jina lake.”

“Basi sema.”

“Niseme nimejuaje? Kesho yake hakuna atakayefumbua mdomo mbele yangu.” Alisugua ule wino kidoleni. “Bi Entwistle, London wanauliza swali moja tu. Ndege moja, tangu bati la kwanza hadi iruke, inachukua masaa mangapi? Hakuna anayejua. Mabawa wameongopa, mikia wameongopa, magurudumu wameongopa. Nikijumlisha uongo wote napata ndege ambayo haijawahi kujengwa na mtu. Na watu wanakufa wakiisubiri.”

“Usiniambie mimi habari za wanaosubiri. Stanley ni fundi, anazitengeneza ndege hizo zikirudi. Kabla hajasafiri aliniambia aliwahi kupokea bawa, ukilipapasa ribiti zinakubaki mkononi kama punje za mahindi. Unajua lile bawa lilijengwa kwa masaa mangapi? Machache. Lilisifiwa sana.” Akasukuma sahani yake mbali. “Masaa yako saba hayana ribiti ya kurudiwa. Hayana choo, hayana foleni, hayana huyu kikongwe na moto wake. Hilo nalo ni bawa ambalo halijajengwa na mtu.”

Kidole gumba cha Ashby kilikuwa kinabonya ukingo wa meza, kinabonya na kuachia.

“Hayo ungeniambia mapema,” alisema.

“Ungeyaandika?”

Ashby akainuka, akashukuru kwa chakula, na alipofika mlangoni akageuka. “Nakushauri ufikirie. Mimi nitahamishwa mji mwingine mwezi ujao. Wewe utabaki nao.”

Huo ndio ulikuwa ukweli wenyewe, na haukuwa na pa kuukwepa. Akinyamaza, Irene anakwenda kumaliza kifua chake kwenye mvuke, na yeye Hilda anabaki na kikombe chake, wifi yake, na majirani wa kumchungulia kikongwe. Akisema, hana hata mmoja wa hao. Alimtazama mama mkwe akipangusa sahani kwa kipande cha mkate. Kikongwe alikuwa amesoma mazungumzo yote kwenye nyuso zao.

“Yule wa mgomo,” Sarah Ann alitamka, “tulimnunia miezi kumi na minne. Unakumbuka alivyokuwa anajisemesha mwenyewe?”

“Nakumbuka, mama.”

“Nilidhani atavunjika.” Akalamba kidole. “Alikuja kuolewa na mwuza samaki.”

*

Jumatatu Irene alikuja na vitu vyake tayari ndani ya mfuko wa karatasi, maana mchana alikuwa anahama. Alikuwa amepaka rangi mdomo kama siku zote. Hakumsalimia mtu. Akaingia ndani ya bawa na chuma chake, akasubiri.

Hilda alisimama mahali pake, ambapo palikuwa chini kabisa ya dirisha la ofisi. Ili kumwona Kidole angepaswa kuinua shingo, lakini hakuwa na haja. Wenzake sita wote, hata wale wa ndani ambao hawajaingia bado, walikuwa mbele yake, nyuso zao zimeelekea kwake na kwa lile dirisha. Hivyo ndivyo walivyokuwa wamesimama mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

Mitambo ilipofikia ngurumo yake kamili, aliweka mashine chini na kuinua mkono. Clarice akamwona. Wengine wakafuata.

Alitamka polepole, akiifinyanga kila silabi, kama anavyosema mtu na mtoto.

“Si Irene. Ni mimi. Nilimwambia mama mezani, Kidole akiwa amekaa. Mama yake alikuwa mfumaji. Anasoma. Anasoma hata sasa hivi. Geukeni.”

Macho yao yalipanda, kumpita yeye, hadi kwenye kioo. Hilda hakujua waliona nini huko juu. Alijua tu kwamba Clarice aliweka mkono mdomoni, kama mtu aliyegundua amesimama uchi, na kwamba ule mkono uliposhuka mdomo ulikuwa umefungwa kabisa.

Clarice ndiye aliyegeuka wa kwanza. Akaizunguka meza yake ya kazi, akasimama upande wa pili, mgongo wake ukielekea dirishani. Wa pili akafuata, na wa tatu. Mmoja mmoja waliburuta masanduku yao ya ribiti na kugeuka, mpaka Hilda akawa anatazama migongo sita ya ovaroli. Walikuwa wamempa mgongo Kidole. Walikuwa wamempa mgongo na yeye, kwa sababu alikuwa amesimama palepale, na hapakuwa na njia ya kujua mmoja unaanzia wapi na mwingine unaishia wapi. Alisubiri angalau mmoja aangalie nyuma. Macho yalimjaa machozi, akayafuta kwa mkono uliojaa vumbi la bati.

Ogden alikuwa anakuja kwa hatua ndefu kuona kwa nini kazi imesimama. Irene alitoa kichwa nje ya bawa, nywele zimefungwa kitambaa, uso una hasira.

“Kuna nini tena?” alipiga kelele. “Mbona wamegeuka?”

Hilda akainama hadi sikioni mwake. Hapakuwa na njia nyingine ya kumwambia mtu huyu. Ilibidi atoe sauti, na kuitoa yote.

“Walikuwa wanasema ni wewe uliyetoa siri,” alipiga kelele. “Nami Alhamisi nikawaunga mkono. Si wewe. Ni mimi. Nimewaambia sasa hivi. Nitamwambia na Ogden usihamishwe.”

Irene alimtazama. Alimtazama juu mpaka chini, polepole, mdomo wake mwekundu umekazwa, na Hilda alingoja atemewe mate. Kisha kile kichwa kikarudi ndani, na giza la bawa likakimeza.

Ogden alikuwa amefika na anauliza kwa ishara za mikono, lakini Hilda alimwonyesha kiganja: subiri. Alichukua mashine. Akachagua ribiti, akaiweka kwenye tundu lake, akabonyeza. Hakuwa na uhakika kama kule ndani kuna mtu ameshikilia chuma au ameketi tu.

Alizima akasubiri. Dakika moja ya yale masaa ya ubaoni ikapita, pengine zaidi. Hakuna aliyeipima.

Bati likagongwa mara moja.

Huenda ilikuwa ni habari ya ribiti tu. Hilda akaweka nyingine.